Doksisaiklini pamoja na vidonge vya madini ya chuma

Swali: Ndugu zangu, daktari ameniandikia doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, nami tayari ninatumia vidonge vya madini ya chuma. Je, naweza kuvimeza kwa pamoja?

Jibu la kwanza: Hapana, kwa sababu madini hayo, kama zilivyo dawa za kupunguza asidi tumboni, hushikamana na doksisaiklini na kuizuia isifyonzwe vizuri, hivyo mwombe mfamasia akupangie saa tofauti. Imeze kwa glasi nzima ya maji, kisha ukae wima angalau dakika 30, kwani kidonge kikikwama huunguza umio.

Jibu la pili: Naongeza suala la jua, ambalo naona hupuuzwa mno: ukitumia doksisaiklini, ngozi huungua upesi juani. Ikiwa una ujauzito, mweleze daktari kabla hujaanza.

Muulizaji: Nashukuru. Nikipata nafuu mapema, niache?

Jibu la kwanza: Usiache bila kumwuliza daktari, wala usimgawie mwingine.