"Mahitaji" na "masharti" ni kitu kimoja?

Mleta mada
Wakuu, naomba tulijadili hili kabla hatujalizoea kabisa. Juzi nimejaza fomu moja ya maombi. Juu imeandikwa "Mahitaji": cheti cha kuzaliwa, picha mbili, barua ya mdhamini. Chini, kwa herufi za kuumiza macho: "Asiyekidhi vigezo hatapokelewa." Nafungua ukurasa wa pili, vitu vilevile sasa vinaitwa "masharti".

Mimi nasema mahitaji ni ya mwenye kuhitaji. Kwenye maelezo ya mapishi, "Mahitaji: chumvi kijiko kimoja" limekaa sawasawa, kwa sababu mpishi ndiye mwenye shida na chumvi. Lakini zile picha mbili mimi sina shida nazo, nyumbani zimejaa. Anayezitaka ni mwenye fomu, basi aseme ni sharti lake. Sharti halimung'unyi: "sharti uje", usipokuja hakuna jambo. Kigezo nacho ni kipimo. Umri wa miaka 18 ni kigezo kwa kuwa mtu anapimwa nao. Picha inampima nani?

Mchangiaji wa 2
Mkuu, umekaza kamba mno. Wachumi wanasema "ugavi na mahitaji", na pale hawasemi shida ya mtu, wanasema kiasi ambacho wanunuzi wako tayari kununua kwa bei fulani. Neno lilishahama kwao zamani. Halafu "masharti" linatisha. Mtu akilisikia anawaza mganga: usile hiki, usivuke mto, usigeuke nyuma. "Mahitaji" lina adabu.

Mleta mada
Adabu hiyohiyo ndiyo inayonikera. Unanyimwa nafasi kwa lugha laini, unaondoka ukidhani uliyepungukiwa ni wewe.

Mchangiaji wa 3
Mbona mmeliruka "matakwa"? Wanasheria wanalo siku zote: "kutotimiza matakwa ya sheria".

Mleta mada
Nimeliruka kwa makusudi. Mtu akifanya jambo "kwa matakwa yake", amefanya kwa hiari. Neno moja libebe hiari na lazima? Tangu 2021 Tanzania ilipobadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, utata wa hivi unaweza kumgharimu mtu kesi.

Mchangiaji wa 3
Utata hauko kwenye neno, uko kwa mwenye kutaka. Matakwa yake: anayetaka ni yeye. Matakwa ya sheria: inayotaka ni sheria. Si wewe uliyesema tuangalie nani anataka? Kanuni yako mwenyewe inalitetea.

Mleta mada
Hapo umenibana. Kwa sheria nalipokea. Kwa fomu bado.

Mchangiaji wa 4
Sisi wa kompyuta ugomvi huu tunaujua. Mwaka 1997 watu wa viwango vya intaneti walitoa waraka uitwao RFC 2119, kazi yake kueleza maneno machache tu: lipi ni la lazima kabisa, lipi ni pendekezo ambalo unaweza kuliacha ukiwa na sababu ya maana, na lipi ni hiari yako. Vichwa vya habari hawakuvigusa, walishughulika na sentensi yenyewe. Andika "Lazima ulete picha mbili. Barua ya mdhamini, ukiwa nayo" uone kama kuna atakayeuliza. Fomu yako hiyo hata haisemi kama barua inaweza kukosekana! Mimi naona hilo ni kosa kubwa kuliko jina la orodha.

Mleta mada
Nakubali, na barua ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Ila orodha lazima iwe na kichwa. Ningeandika "Vya kuleta", basi.

Mchangiaji wa 2
Na miaka 18 nayo utaileta kwenye bahasha?

Mleta mada
Hicho ni kigezo, mkuu. Soma tena nilipoanzia.