Kwa nini derivativu za pili zilizo chanya hazitoshi kuthibitisha nukta ya chini?

Mwanafunzi_Mwaka_wa_Pili:

Habari zenu wanajukwaa. Katika aljebra ya mstari tumefundishwa kwamba matriksi linganifu A (jedwali la namba ambalo pande mbili za ulalo wake mkuu zinafanana) huitwa chanya dhahiri iwapo xᵀAx ni kubwa kuliko sifuri kwa kila vekta x isiyokuwa sifuri, na kwamba funksheni huwa na nukta ya chini pale ambapo miteremko yake yote ni sifuri na matriksi ya derivativu zake za pili (jinsi miteremko yenyewe inavyobadilika), yaani matriksi ya Hesse, ni chanya dhahiri. Kanuni hiyo ninaweza kuitumia, ila sababu yake hainiingii akilini.

Tuchukue f(x, y) = 2x² + 6xy + 4y². Nikifuata mhimili wa x peke yake ninapata 2x², ambayo hupanda pande zote mbili. Nikifuata mhimili wa y ninapata 4y², ambayo nayo hupanda vivyo hivyo. Namba zote za matriksi A ambayo xᵀAx yake ni f, yaani 2, 3, 3 na 4, ni chanya (matriksi ya Hesse ni mara mbili ya hiyo, kwa hiyo ishara hazibadiliki). Hata hivyo, mwalimu anasema kwamba (0, 0) si nukta ya chini. Kinachoharibu ni nini?

Fundi_Mraba:

Ndugu, mihimili hiyo ni njia mbili tu kati ya njia zisizo na idadi zinazopita kwenye (0, 0). Weka x = 3 na y = −2, nawe utapata 18 − 36 + 16, yaani −2. Umeshuka chini ya sifuri bila ya kugusa mhimili wowote. Kinachoharibu ni 6xy, kwa kuwa x na y zikiwa na ishara tofauti huwa hasi, na hapa ina nguvu za kutosha kuyashinda yale mengine mawili. Umbo lake ni la tandiko la punda: ukilitazama kwa upande mmoja linainuka, ukiligeuza linateremka.

Ili kuona mpaka ulipo, acha namba ya mwisho iwe c, kisha kamilisha mraba kama ulivyofundishwa sekondari:

2x² + 6xy + cy² = 2(x + 1.5y)² + (c − 4.5)y²

Miraba haiwezi kuwa hasi, kwa hiyo kila kitu kinategemea ishara za namba mbili zilizo nje ya miraba hiyo, 2 na c − 4.5. Kwa c = 5 zote ni chanya, na (0, 0) ni nukta ya chini bila ubishi. Kwa c = 4 ya pili ni −0.5, na ukifuata mstari ambao x + 1.5y = 0, mraba wa kwanza unatoweka na kubaki ule unaoshuka; (3, −2) niliyokupa imetoka kwenye mstari huo. Kwa c = 4.5 kamili funksheni ni sifuri kwenye mstari huo mzima, kama sakafu ya bonde lisilo na mteremko, na matriksi yake huitwa chanya nusu dhahiri.

Sasa fanya uondoaji wa Gauss kwenye matriksi yenyewe: toa safumlalo ya kwanza mara 1.5 kutoka kwenye ya pili. Pivoti utakazopata, yaani namba zinazobaki kwenye ulalo mkuu, ni 2 na c − 4.5, zilezile. Zao lake ni 2c − 9, ambalo ndilo detaminanti (zao la ulalo mkuu, 2 × c, ukitoa zao la namba za pembeni, 3 × 3). Kwa hiyo kipimo cha detaminanti mnachokaririshwa ni kukamilisha mraba kwa jina jingine, na kwa maoni yangu kingefundishwa hivyo tangu mwanzo.

Ulalo_Mkuu:

Naafiki, na ninaongeza tahadhari mbili. Kwanza, detaminanti ya matriksi nzima haitoshi peke yake. Matriksi ya 3 kwa 3 yenye −1, −1 na 1 kwenye ulalo mkuu na sifuri kwingineko ina detaminanti 1, lakini hushuka kwenye mihimili miwili. Ni lazima detaminanti zote zinazoanzia kona ya juu kushoto, ya 1 kwa 1, ya 2 kwa 2 na kuendelea, ziwe chanya. Kipimo hiki hujulikana kwa jina la Sylvester.

Pili, neno «linganifu» lisirukwe. Thamani za aigeni (namba λ ambazo Ax = λx kwa vekta fulani x isiyokuwa sifuri) zote zikiwa chanya, matriksi linganifu ni chanya dhahiri; kwa c = 4 thamani hizo ni 3 + √10 na 3 − √10, na ya pili ni takriban −0.16. Lakini matriksi yenye safumlalo (1, 4) na (0, 1) ina thamani za aigeni 1 na 1, na bado inazalisha x² + 4xy + y², ambayo kwenye (1, −1) ni −2.

Kwenye kompyuta, matriksi ikiwa kubwa, hakuna anayekokotoa detaminanti hizo moja moja. Hutumika mgawanyo wa Cholesky, yaani kuiandika matriksi kama LLᵀ ambapo L ina sifuri juu ya ulalo mkuu; Cholesky alikuwa afisa wa jeshi la Ufaransa aliyefariki mwaka 1918 na ambaye mbinu yake ilichapishwa mwaka 1924: programu ikikutana na pivoti isiyo chanya inapohitaji kipeuo cha pili, husimama, na jibu lako umelipata.

Mwanafunzi_Mwaka_wa_Pili:

Nimeelewa, nawashukuru sana. Je, funksheni isiyo ya miraba mitupu, kwa mfano g = x³ + y³ − 3xy, nayo huhukumiwa hivyohivyo?

Fundi_Mraba:

Ndiyo, ila kwa ujirani wa nukta tu. Miteremko ni 3x² − 3y na 3y² − 3x, nayo yote ni sifuri kwenye (0, 0) na (1, 1). Matriksi ya Hesse ina 6x na 6y kwenye ulalo, na −3 pembeni. Kwenye (1, 1) ina 6 na detaminanti 36 − 9 = 27, hivyo hiyo ni nukta ya chini; kwenye (0, 0) detaminanti ni −9, nayo ni tandiko. Lakini (1, 1) ni ya chini kwa majirani zake pekee, maana ukiipeleka x mbali upande wa hasi, x³ huvuta g chini bila kikomo.

Matriksi ikiwa nusu dhahiri tu, usitoe hukumu. Kwenye (0, 0), x² + y⁴ na x² − y⁴ zina matriksi ya Hesse ileile, 2 na sifuri kwenye ulalo. Ya kwanza ina nukta ya chini pale, ya pili haina. Tofauti imo kwenye y⁴, na derivativu za pili haziioni.