Jaji wa maonyesho ya magari Nakuru amenikata alama kwa sababu namba ya Alfa iko kando. Na kijana wa Abarth je?

Wadau, nimejizuia tangu Jumapili, leo nimeshindwa. Mwenye presha asisome.

Nilitoka Njoro saa kumi na mbili asubuhi na Alfa Romeo GT yangu, ile ya milango miwili iliyochorwa na Bertone, kwenda kwenye mkutano wa wapenzi wa magari hapa Nakuru mjini. Jumamosi nzima nilikuwa nikiiosha, rimu nazo nikazisugua kwa mswaki. Kiingilio nililipa shilingi 2,000 bila kunung'unika. Langoni kijana wa maandalizi akanipa stika mbili kubwa za mdhamini, akasema nibandike juu ya namba, mbele na nyuma. Nikamwambia sibandiki. Akasema basi picha za gari langu hazitatumika. Nikasema sawa, nikaegesha.

Saa sita akaja jaji na karatasi yake. Alizunguka gari mara moja, akasimama mbele ya bampa.

"Mzee, hii namba mbona umeifunga kando? Uligonga mahali?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikamweleza polepole, maana ni kijana na sote tulijifunza kwa mtu. Alfa ina ngao katikati ya uso, Waitaliano huiita scudetto. Kwenye GT ngao hiyo inaanzia kwenye boneti na kushuka hadi chini kabisa kwenye bampa, na hewa inapita hapo hapo. Ukiweka namba katikati umeliziba gari mdomo. Ndiyo maana kiwanda chenyewe kiliiweka namba kando. Alfa 156 iliyotoka 1997 iko hivyo hivyo, na ndiyo iliyochaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya 1998. Ikafuata 147, namba kando, nayo ikachukua tuzo hiyo hiyo 2001. Mtu yeyote anayeyapenda magari ya Kitaliano anaijua Alfa kwa mbali kwa alama hiyo, hata kabla ya kuona msalaba na nyoka wa Milano kwenye nembo.

Aliniangalia, akaandika. Baadaye nilipopewa fomu nikasoma: uhalisi, 9 kati ya 20. Maelezo: "Namba haiko mahali pake." Na kabla ya kuondoka alinipa ushauri wa bure, kwamba fundi yeyote wa jua kali atanitobolea katikati kwa dakika kumi. Nitoboe ngao! Gari hili lilitoka Japani, likashukia Mombasa kabla ya kutimiza miaka 8 kama sheria ya uagizaji inavyotaka, na tangu siku hiyo hakuna drili iliyogusa uso wake. Barabarani nimesimamishwa Gilgil, Salgaa, Mau Summit, mara nisizoweza kuhesabu. Askari wanasoma namba, wananirudishia leseni, naenda. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema haionekani.

Sasa sikilizeni hili. Kulia kwangu palikuwa na Maserati isiyo na namba ya mbele kabisa. Namba ilikuwa imelazwa kwenye dashibodi, imegeuzwa uso chini. Mwenye gari alinionyesha fomu yake mwenyewe, na hata yeye alishangaa. Uhalisi, 18. Maelezo: "Uso safi."

Yaani aliyevunja sheria ana uso safi, na aliyeacha gari kama lilivyotoka kiwandani ameharibu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka namba ifungwe mbele na nyuma, isomeke. Haijasema "isipokuwa gari likiwa zuri".

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nchi hii si changa katika mambo haya. Maonyesho ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi, yameandaliwa na chama cha wenye Alfa Romeo tangu 1970. Watu wa Alfa ndio waliotufundisha Wakenya kukagua gari kuanzia injini hadi chini ya sakafu, leo tunakuja Nakuru kuulizwa kama tumegonga. Na wanaosema namba inaharibu sura ya gari la Kitaliano, watafute picha za Lancia Delta Integrale ya dereva Mwitaliano Miki Biasion iliyoshinda Safari Rally 1988, ikashinda tena 1989. Namba za usajili za Torino, Italia, ziko palepale juu ya matope. Gari la mbio za rali hutoka hatua moja hadi nyingine likipita barabara ya umma, kwa hiyo lazima liwe na namba. Hata sasa Naivasha, Safari inapopita, ukisimama kando ya barabara utaziona. Kama Lancia ya kiwanda ilivaa namba, Maserati ya mtu wa kawaida inajiona nani?

Haya ya alama ningeyameza. Nisiloweza kulimeza ni la kijana wa Kisumu.

Alikuja na Abarth 500 nyeupe, kale kagari kadogo ka Kitaliano, nembo yake ya nge ubavuni, mkutano wake wa kwanza. Alitoka Kisumu usiku, akapitia Kericho, akafika macho mekundu lakini anatabasamu. Naye aliambiwa abandike stika. Namba yake ya mbele ilikuwa imefungwa kwa riveti na stika haikukaa vizuri, basi mmoja wa waandalizi akaleta bisibisi na kuing'oa. Pembe ikapinda. "Tutairudisha jioni," wakasema, wakaiweka kwenye buti. Jioni ikanyesha, kila mtu akakimbilia gari lake, mwenye riveti hakuonekana. Kijana akaanza safari ya kurudi akiwa na namba ya nyuma tu, yenyewe ikiwa bado na stika nusu. Hakufika Salgaa. Kwenye orodha ya faini za papo hapo iliyotoka 2016, kosa hilo ni shilingi 10,000. Alinipigia akiwa amesimamishwa, sauti inatetemeka. Nikampigia mratibu, simu ikaita mara moja. Nilipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Najua mtakaosema tunaficha namba kwa sababu ya wanaoziiga kutoka kwenye picha. Ni kweli, zinaigwa, na ndiyo moja ya sababu za kuletwa namba za kizazi kipya 2022 zenye alama za usalama. Lakini picha hurekebishwa kwenye simu kabla ya kupostiwa, sekunde tano, na gari halijaguswa. Stika ya gundi juu ya namba inayong'aa ni jambo jingine. Ukiibandua inaacha ukungu, na usiku taa zikiipiga haisomeki. Mimi nilikaa na yule kijana nikimsaidia kusugua ile ya nyuma kwa mafuta ya taa alipopita kwangu kesho yake. Haijarudi ilivyokuwa. Kupata nyingine ni shilingi 3,000 na safari za maofisini, na yeye anakaa Kisumu, ana kazi.

Nawataka waandalizi wafanye hivi, na ninawaambia kwa jina langu la humu ambalo wote mnalijua. Mrudishieni kijana 10,000 zake na 3,000 za namba. Futeni kabisa habari ya kung'oa namba ya mtu. Anayetaka kuingia bila namba ya mbele apangiwe kuja juu ya lori na kuondoka juu ya lori. Na jaji wa safu ya Kitaliano awe mtu aliyewahi kufungua boneti ya gari la Kitaliano. Wazee wa Alfa wapo Nakuru, wapo Eldoret, wapo Kisumu. Waombeni, watakuja bure.

Alama zangu sizidai. Fomu ninayo, na muhuri wenu uko chini yake. Mratibu, najua unapita humu kila usiku. Kijana bado anasubiri simu yako.