Insha za Kiingereza Kidato cha Pili: mbona makosa yanazidi?

Mwl_Ilemela
Walimu wenzangu, habari za majukumu. Shule ya kata, mwanafunzi yuleyule mmoja: insha ya Kidato cha Kwanza nusu ukurasa, makosa 5. Ya Kidato cha Pili ukurasa na zaidi, makosa 19. Anarudi nyuma? Na nianze kusahihisha yapi?

Sangara_Mkavu
Usimhukumu kabla hujagawanya makosa kwa idadi ya sentensi. Halafu tazama ni makosa ya namna gani. Kidato cha Kwanza wengi wanaandika walichokariri, maana msingi walisoma karibu masomo yote kwa Kiswahili, ukiacha Kiingereza chenyewe. Sentensi ya kukariri haina kosa kwa vile hakuitunga yeye.

Akianza kutunga, Kiswahili kinachungulia. Tazama hii: "My father he is go to the lake and the fish which he catch them he sell at Mwaloni." Hiyo "he" ya kwanza ni a- ya "baba anaenda". "Is" imewekwa ili -na- nayo ipate neno lake. "Them" ni -wa- ya "samaki anaowavua". Makosa yamejaa, lakini huyu amethubutu "which", kitu ambacho wa Kidato cha Kwanza hakigusi. Hata "goed" isikutishe: ameishika kanuni ya -ed, ameizidisha tu. "Went" itarudi.

Bibi_Chaki
Naongezea upande wa kusahihisha. Wino mwekundu kila mahali haufundishi. Chagua aina moja ya kosa kwa wiki mbili. Anza na kitenzi ("is go", "did went"), kisha "my father he", kisha wakati uliopita. Ile -s ya "he goes" inafundishwa mapema ila inakaa kichwani kwa kuchelewa sana. "A" na "the" ziache mwisho. Kiswahili hakina kitu kama hicho, na hata Kidato cha Sita zinawaangusha.

Pembeni ya mstari andika idadi ya makosa tu, usiyaoneshe. Mpe dakika 10 ayatafute, aandike upya sentensi 3. Ukimrudishia insha nzima aiandike upya, atanakili huku akili iko kwingine, na atazaa makosa mapya.

Kamanga_Feri
Naafiki, ila msimfariji mno. "Is go" ikimfuata mpaka Kidato cha Tatu, hapo amekwama. Na "rake" badala ya "lake", ugonjwa wa kanda yetu ya Ziwa, ni tahajia. Msiuchanganye na sarufi. Wa Kidato cha Nne shida yao nyingine kabisa: "moreover" kila aya, na chini yake hakuna hoja.

Mwl_Ilemela
Asanteni. Nimegawanya: makosa 5 kwa sentensi 6, na 19 kwa sentensi 22. Karibu sawa! Ila 8 kati ya hayo 19 ni "is go" na ndugu zake. Jumatatu naanza nayo.