Naomba ushauri: rasta kwa mteja aliyekatika nywele za mbele
Wasusi wenzangu, mteja ana nywele za dawa. Kwenye paji na juu ya masikio zimebaki nyepesi, na kila akisuka rasta vinatoka vipele vidogo kwenye mashina. Hapo shina limevutwa kupita kiasi. Tiba yake si kumeza Panadol, ni kufumua.

Mpango: asisuke kabla ya wiki 2 tangu kutia dawa, mafungu yawe manene kidogo, rasta ziishie mabegani, zianze na nywele zake bila fundo, malaika (vinywele laini vya ukingoni mwa paji) waachwe nje, afumue ndani ya wiki 6.

Palipong'aa bila vitundu vya nywele nampeleka kwa daktari wa ngozi. Mafuta ya nyonyo hayafufui shina lililokufa. Penye vitundu bado, mngemsuka mtindo wa twende kilioni uliolegea au mngeacha kabisa? Kwa miezi mingapi?