UKOO WA KAMACHUMU

JUMATANO

[19:12] Koku: Habari za jioni wana ukoo. Shikamooni wakubwa. Nimekuja na lile la Asimwe, na safari hii sitaki mtu aseme hakuambiwa. Maombi yanafungwa Ijumaa saa 11 jioni SAA ZA KIGALI. Kwetu ni saa 12.

[19:15] Deo: Kumbe Rwanda wako nyuma yetu saa nzima? Basi nikiharibu jambo hapa Dar nakimbilia Kayonza, nafika sijaliharibu bado 😂

[19:15] Jovin: 😂😂😂

[19:16] Koku: Deo.

[19:18] Koku: Ni shahada ya uzamili, ualimu wa fizikia. Chuo Kikuu cha Rwanda, Chuo cha Elimu, kampasi ya Rukara. Ufadhili anaoomba ni wa ADA TU. Chumba, chakula, nauli, ni sisi. Ndiyo maana niko hapa.

[19:31] Ta Rwegasira: Wanataka hela ya fomu ipitie kwa mtu? Matapeli siku hizi ndipo wanapoanzia.

[19:34] Asimwe: Shikamoo Baba Mkubwa. Hapana, naomba kwenye tovuti ya chuo chenyewe, hakuna mtu katikati. Ni kituo cha umahiri cha kufundisha hisabati na sayansi, kilianza kwa mradi wa Benki ya Dunia, ule ule uliotoa vituo vya Sokoine na Nelson Mandela kule Arusha.

[19:35] Ta Rwegasira: Marahaba. Kinyarwanda unakijua?

[19:36] Asimwe: Masomo ni kwa Kiingereza, Baba Mkubwa.

[19:37] Deo: Sokoni aongee Kihaya polepole, watamwelewa. Mradi asianze kujisifu.

[19:44] Respicius: Kwa nini asiombe AIMS, ile taasisi ya hisabati? Mtoto wa jirani yangu alikwenda, kula na kulala juu yao.

[19:47] Asimwe: Ile ni ya hisabati yenyewe, Ba'mdogo. Mimi nataka kujua kwa nini kidato cha tatu wangu wanakokotoa V=IR ubaoni bila kukosea, halafu nikiwapa betri ya tochi, kipande cha waya na balbu, darasa zima hakuna anayeiwasha. Wanagusisha ncha moja, wanatulia, wanasubiri. Ndilo andiko langu la utafiti.

[19:49] Deo: Hata mimi nilisubiri. Mpaka leo.

[19:50] Jovin: Deo aligusisha ncha moja kwa yule binti wa Muleba 😂😂

[19:50] Deo: Jovin, hayo tuliyazika.

[19:51] Jovin: Betri ilikuwepo, waya ndio ulikuwa mfupi

[19:58] Koku: Mmemaliza? Vyeti viko tayari. Mdhamini wa kwanza ameleta barua. Wa pili, mwalimu wake wa chuo, ujumbe ameusoma tangu juzi, tiki za bluu, kimya. Ruhusa ya masomo imetoka kwa mkuu wa shule, imelala halmashauri. Na jina! Cheti cha kuzaliwa ni Asiimwe, i mbili. Cheti cha kidato cha nne i moja. Kesho asubuhi kwa wakili akale kiapo. Nani alikwenda kuandikisha kile cheti cha kuzaliwa?

[20:06] Mama Asimwe: Mimi nilikuwa wodini. Muulize Respicius.

[20:09] Respicius: Aliyeandika ni karani, siyo mimi.

[20:15] Koku: Hela sasa. Elfu hamsini kwa mwezi kila nyumba, nyumba saba. Nauli ya mwanzo naitoa mimi: Biharamulo, Lusahunga, Rusumo, avuke daraja, achukue gari la Kayonza. Andikeni majina.

1. Koku 50,000

[20:52] Jovin: 2. Jovin 20,000 (hali mnaijua)

[21:03] Koku: Tuko 31 humu. Walioona ni 26. Majina mawili.

[21:10] Mama Asimwe: Mimi nimo, hata kwa kuuza kuku. Ila niseme. Mwaka 1998 hakuna aliyeombwa kuandika jina. Kibanja cha bondeni kilikwenda na kahawa yake juu, haijachumwa.

[21:11] Koku: Wifi, tusifike huko.

[21:12] Mama Asimwe: Na mwenye A ya hesabu ulikuwa wewe. Nimenyamaza.

[21:13] Respicius: Ujumbe huu umefutwa

[21:15] Deo: Eti senene wameshaanguka Bukoba? Kuna mtu anashuka Dar wiki hii?

[21:16] Koku: Deo nitakutoa kwenye kikundi.

[21:40] Happy: Niko na Bibi. Nimemsomea zote kuanzia juu, na ya kibanja pia. Anasema niandike kama anavyotamka.

[21:44] Happy: "Kibanja kilikuwa cha wote, kikasomesha mmoja. Sijawahi kumdai. Kesho asubuhi nataka kumsikia Projest kwa mdomo wake, siyo kwa maandishi. Na Koku asitoe nauli. Koku alishatoa."

[21:45] Happy: Amesema nizime simu.

[22:30] Ta Rwegasira: Mama amesema.

[23:51] Projest: Shikamoo Mama. Shikamooni wakubwa. Nimeona.

ALHAMISI

[06:20] Koku: Projest umepiga?

[08:05] Asimwe: Niko kwa wakili. Anauliza jina langu halisi ni lenye i moja au mbili?

[08:06] Mama Asimwe: Mbili.

[08:06] Respicius: Moja.

[08:07] Koku: LILILOKO NIDA! Na usitoke humo bila mhuri.

[11:32] Koku: Kiapo kimepanda. Mara ya kwanza mfumo ulikataa, mtu wa steshenari alikipiga picha kikawa kizito kama gunia la kahawa. Halmashauri bado. Mdhamini wa pili bado. Asimwe mpigie, usimwandikie.

[11:34] Asimwe: Nimepiga mara nne Shangazi. Inaita tu.

[11:40] Projest: Nimeongea na Mama. Nitaandika jioni.

[11:41] Koku: Utaandika nini?

[13:17] Deo: 3. Deo 30,000. Na sitanii.

[13:18] Koku: Asante mdogo wangu.

[14:26] Koku: Projest?

[16:02] Salome Kampala: Jamani nilikuwa safarini, ndiyo nafungua simu sasa hivi. Tunachangia harusi ya nani?