Dragon's Dogma 2: ilionewa au ilijitakia yenyewe?

MpandaMazimwi
Wakuu, salamu. Dragon's Dogma 2 ilitoka tarehe 22 Machi 2024, na mpaka leo ukiitaja mahali penye wachezaji watu wanarushiana maneno. Nimeona niianzishie mjadala wake, kwa sababu wengi wanaoiponda wanaunganisha kesi tatu tofauti na kuzitolea hukumu moja.

Kwa asiyeijua: ni gemu ya Capcom wa Japani, chini ya uongozi wa Hideaki Itsuno, na ni mwendelezo wa ile ya mwaka 2012. Joka linakunyofoa moyo, unabaki hai hivyo hivyo bila moyo, unaitwa Arisen, na kazi yako ni kulifuata. Unatembea na wasaidizi watatu wanaoitwa Pawn. Mmoja unamuumba mwenyewe, wawili unawakodi, nao wameumbwa na wachezaji wengine huko duniani. Ukikutana na zimwi la jicho moja si lazima ulikate vifundo vya miguu mpaka lichoke. Unalipanda hadi kichwani na kulichoma hilo jicho, huku pumzi ikikuishia na wenzako wakipiga kelele chini.

Siku ya kwanza watu zaidi ya 200,000 walikuwa ndani kwa wakati mmoja kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Siku hiyohiyo, palepale Steam, tathmini za wanunuzi zikaporomoka upande wa hasi, wakati wakosoaji walikuwa wameshaimwagia sifa. Na bado ndani ya wiki mbili hivi Capcom wakatangaza mauzo ya nakala milioni 2.5. Gemu moja, na kila mtu anaona kitu chake.

Kesi ya kwanza ni duka: umelipa dola 70, unafungua unakuta orodha ya vitu vidogovidogo vya kununua kwa pesa halisi. Kesi ya pili ni uzito wa gemu yenyewe kwenye kompyuta. Katika hizo mbili Capcom wana hatia, sitawatetea. Ya tatu ni malalamiko kwamba gemu inakutembeza sana, inakunyima njia ya mkato na inakupa mhusika mmoja tu. Hapo ndipo ninapokataa. Hiyo siyo kasoro, hiyo ndiyo gemu.

Itsuno alishasema kwenye mahojiano na tovuti ya gemu ya IGN kabla haijatoka kwamba safari ikichosha, kosa ni la gemu iliyoshindwa kuweka kitu njiani. Na humu njiani kuna vitu. Usiku ni giza la kweli, mafuta ya taa yakiisha umekwisha. Kila ukijeruhiwa, kikomo cha uhai wako kinashuka, na dawa za kawaida hazikirudishi mpaka ulale kambini au kwenye nyumba ya wageni. Kwa hiyo swali la niendelee au nigeuze lina uzito kila saa. Ukiweka usafiri wa kubonyeza ramani bure, hesabu yote hiyo inakufa. Karibuni.

fremu_thelathini
Mkuu, umejenga hoja vizuri ila umepita haraka kwenye kesi ya pili, nami nataka tukae hapo kidogo. Watu wanadhani tatizo lilikuwa kadi ya picha. Hapana, lilikuwa prosesa, ubongo wa kompyuta. Capcom wenyewe walieleza kwamba kila mhusika aliye mjini anahesabiwa na prosesa muda wote: alipo, anakokwenda, anavyogusana na vitu. Porini gemu inateleza, ukiingia Vernworth, mji mkuu, fremu, yaani picha zinazopita kila sekunde, zinaanguka hata kwa mtu mwenye kadi ya bei mbaya. Ndipo wachezaji wakagundua kwamba ukiwaua watu wa mjini gemu inakuwa nyepesi! Fikiria, shujaa aliyechaguliwa kuokoa taifa anafyeka wauza mboga ili apate fremu kumi.

Kwenye PS5 na Xbox nako ilikuwa ikiyumbayumba jirani na fremu 30 kwa sekunde, bila hata kitufe cha kuifunga kwenye 30 itulie. Kitufe kikaja baadaye kwa sasisho. Kwa nini hakikuwapo siku ya kwanza? Bei ilikuwa kamili siku ya kwanza.

BintiWaKibokoni
Kaka fremu, hayo ya mashine sina neno nayo, ni kweli. Lakini kwenye duka watu wamezusha mengi, na huo uzushi ndio ulioiua gemu. Ilienea kwamba Capcom wanauza usafiri wa haraka. Sikilizeni basi. Ili usafiri haraka wahitaji vitu viwili: Portcrystal, ambayo waisimika mahali utakapo kurudi, na Ferrystone, ambayo yatumika mara moja ikaisha. Dukani waliuza Portcrystal moja tu, hununui ya pili. Ferrystone hawakuuza kwa pesa halisi hata moja. Hizo wazinunua humohumo ndani kwa dhahabu ya gemu, 10,000, au waziokota mapangoni. Kile kitabu cha kubadilisha sura ya mhusika pia chapatikana ndani, na sasisho la mwanzo likaongeza idadi yake kwa muuzaji hadi 99.

Sasa niambieni, ni nani aliyelazimika kutoa hata senti?

MzeeWaMapango
Hakuna aliyelazimika, binti yangu, na hapo ndipo ubaya ulipo. Mama lishe akizidisha chumvi kwenye wali halafu pembeni ameweka chupa za maji za kuuza, hajamlazimisha mtu. Ila kuanzia siku hiyo kila ukionja chumvi unamtazama mara mbili. MpandaMazimwi anasema mwendo mrefu ni uamuzi wa kisanaa. Nakubali, nimecheza ile ya 2012 na ilikuwa na mwendo uleule. Lakini ukishaweka kitu cha kufupisha mwendo kwenye duka la pesa, hata kimoja, umenipa sababu ya kushuku kila kilima. Itsuno anaweza kuwa mkweli kabisa, na duka likawa limewekwa na watu wa idara nyingine ambao hawakumuuliza. Mimi mchezaji nitajuaje?

Na ile ya kwanza, ilipotoka tena mwaka 2013 kwa jina la Dark Arisen, walitupa Ferrystone isiyoisha, bure. Haikuua gemu. Waliotaka kutembea walitembea.

MpandaMazimwi
Mzee shikamoo. Hiyo ya Dark Arisen ni hoja nzito kuliko zote zilizotolewa dhidi yangu. Nitakujibu hivi: mimi nilipopewa ile Ferrystone isiyoisha niliitumia kila dakika, na ramani ya Gransys, nchi ya ile gemu ya kwanza, nikaisahau. Ya Vermund na Battahl, nchi mbili za hii ya pili, naijua kwa miguu. Najua daraja gani lina wavizi, najua mto gani usiingie kwa sababu ya wale Brine wanaokuvuta chini. Mchezaji akipewa njia rahisi ataifuata tu, hata kama inampunguzia raha. Wabunifu wana haki ya kutunyima.

saa_moja_buku
Ninyi wote mna kompyuta zenu nyumbani ndiyo maana mnaongelea mwendo. Mimi nina kibanda cha PS, wateja wanalipa kwa saa. Niliiweka hii gemu kwa kuipenda mimi mwenyewe. Kijana analipa saa yake, anatembea robo saa, anapigwa na mbwa mwitu, anarudi mwanzo, saa imeisha, hajaona hata zimwi. Wamerudi kwenye mpira wote. Halafu sehemu ya kuhifadhi ni moja kwa akaunti. Kwenye kibanda hiyo ni vita, huyu anaendeleza safari ya yule.

fremu_thelathini
Hapo kibandani nimecheka, lakini ndiyo ukweli wa huku kwetu. Na bei yenyewe, dola 70 wakati ule ilikuwa zaidi ya shilingi 170,000 za Tanzania, bila kuhesabu bando la kuishusha.

BintiWaKibokoni
Kaka wa kibanda, kwa hilo la kibandani pole. Ila kuhusu kuhifadhi wengi hawajui kwamba zipo sehemu mbili za kurudia: ile ya kujihifadhi yenyewe kila mara, na ile ya mara ya mwisho ulipolala nyumba ya wageni. Kilichokuwa kibaya kweli siku ya kwanza ni kwamba hakukuwa na kitufe cha kuanza upya. Umekosea kuumba mhusika wako, huna pa kufutia. Wakakiongeza kwa sasisho siku chache baadaye. Hilo sitawatetea hata nikilipwa.

Mimi nilichoipendea hakina hata jina. Nimepanda mkokoteni wa ng'ombe usiku, nimelipa nauli, nimesinzia. Nikashtuka griffin ametua juu yetu, mkokoteni mbao mbao, ng'ombe hayuko, na Pawn wa mtu nisiyemjua, labda yuko Brazili, labda Korea, amenining'iniza kwenye bawa la yule mnyama nikapaa naye. Nikaanguka mahali ambapo sikuwahi kufika. Nilikaa wiki sijarudi kwenye ile kazi niliyokuwa nikienda kuifanya. Gemu gani nyingine yakupa hivyo bila kuandikiwa na mtu?

MzeeWaMapango
Hiyo mara ya kwanza. Mara ya tano je? Mimi kesi yangu haswa siyo duka wala mashine, ni uhaba. Goblini, harpi, mbwa mwitu, mijusi, majambazi; goblini tena kwa rangi nyingine. Ukishafika saa arobaini za kucheza, kila kona ya njia ina kundi lilelile mahali palepale. Hapo ndipo mwendo unapogeuka adhabu. Itsuno alisema weka kitu njiani, sawa, basi angeweka vitu zaidi. Gemu ya Elden Ring ya mwaka 2022 nayo ni ramani kubwa, ila kila bonde lina kiumbe ambacho hukukiona bonde lililopita, na juu ya hapo wamekupa farasi.

Na hadithi! Mambo ya malkia wa Vermund na Arisen wa bandia yanaanza kwa moto, halafu yanaachwa hewani ukivuka kwenda Battahl. Sehemu nzuri kuliko zote imefichwa mwisho kabisa, na wengi wataimaliza gemu wasiione. Asiyetaka kuharibiwa utamu aruke mstari huu: lile neno la "2" halionekani kwenye jina la mwanzo la gemu mpaka ufike huko. Ubunifu wa kiwango cha juu, umewekwa mahali ambapo nusu ya watu hawafiki.

MpandaMazimwi
Kuhusu maadui kujirudia sina utetezi, Mzee umenibana. Ila Elden Ring isitumike kama fimbo. Nyongeza yake, Shadow of the Erdtree, ilitoka Juni mwaka huohuo 2024, nayo Steam ikapata tathmini mchanganyiko wiki ya kwanza, watu wakilalamikia ugumu na fremu. Wakosoaji walikuwa wameipigia magoti. Kwa hiyo zile alama za siku za mwanzo ni kipimo cha hasira ya siku ile. Hazikuambii gemu itakaa vipi mkononi mwako baada ya miezi mitatu.

fremu_thelathini
Lakini hasira ile ilifanya kazi, mkuu! Kitufe cha kuanza upya, kitufe cha fremu 30, ile tauni ya Pawn kupunguzwa isiwe ya mara kwa mara, na baadaye mwaka huohuo hali nyepesi ya kucheza kwa wasiotaka makali. Bila zile alama hasi unadhani yangekuja kwa kasi ile? Mteja wa huku hana njia nyingine ya kusikika Osaka, makao makuu ya Capcom.

saa_moja_buku
Tauni gani tena?

BintiWaKibokoni
Ewe, hujaifikia? Yaitwa Dragonsplague. Pawn wako aanza kushika kichwa, akujibu kwa kiburi, macho yakawa mekundu. Ukilala naye nyumba ya wageni mjini, waamka asubuhi wakuta mji mzima umekufa. Wauza duka, wenye kazi za kukupa, wote. Na gemu imeshajihifadhi. Dawa ni kumtupa mtoni Brine wamchukue, anarudi mzima baadaye. Kuna watu waliacha gemu siku hiyo. Mimi nilisimama nikapiga makofi.

MzeeWaMapango
Unapiga makofi kwa sababu haikukukuta Vernworth.

MpandaMazimwi
Mzee, kuna siri ya kufufua mji mzima... jiwe linaloitwa Wakestone ya milele, ila kulipata si mchezo, lipo kwenye mafumbo ya kiumbe anayeitwa Sphinx. Tuiache hiyo kwa watakaofika.

Naomba turudi kwenye swali. Itsuno aliondoka Capcom mwishoni mwa Agosti 2024, baada ya miaka zaidi ya 30. Naogopa kwamba somo watakalochukua wakubwa wa kampuni ni kwamba watu hawataki kutembea, wakati watu walichokataa ni duka.

MzeeWaMapango
Hilo tunakubaliana. Wafute duka, waongeze viumbe mara mbili, nami nitatembea mpaka viatu viishe.

mgeni_wa_jana
Samahani wakubwa, nimesoma yote. Nina kompyuta ya kawaida, prosesa ya miaka mitano iliyopita. Nikiikuta kwenye punguzo ninunue au niache?

fremu_thelathini
Nunua Steam, siyo kwingine. Wana utaratibu wa kurudisha pesa kama hujapita saa mbili za kucheza na siku 14 tangu ununue. Usipoteze muda kuremba sura ya mhusika, maana dakika hizo nazo zinahesabiwa. Kuna programu ya bure ya kuumba mhusika, malizia huko kwanza. Ukiingia fuata hadithi moja kwa moja, kuna mkokoteni utakupeleka mji mkuu mapema. Simama sokoni Vernworth mchana, zungusha kamera. Ukiona inakwama kiasi cha kukukera, rudisha siku hiyohiyo.

BintiWaKibokoni
Na mkokoteni huo usisinzie.